Dai Hulipwa Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Nimeibiwa! Mchana kweupe, niko studio kwangu, namnyoosha shingo mteja wa picha ya pasipoti. Simu ikalia kidogo tu. Ujumbe wa benki: lile ghala la picha la mtandaoni limenikata hela za mwaka mzima. Mwaka mzima! Mimi nilijiunga kwa majaribio. Ya bure! Hilo neno "bure" lilikuwa kubwa kuliko hata nembo yao. Mke wangu kauliza kama nilisoma yale maandishi madogo ya chini. Nimemwambia mimi ni mpiga picha, siyo hakimu.

Na ijulikane kwamba sikujiunga kwa tamaa. Ni hizi picha za harusi ya shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe. Kompyuta ilijaa. Nikazipandisha zote huko ghalani, kisha nikafuta memori kadi nipate nafasi ya wanafunzi waliokuja kupigwa picha za vitambulisho. Kwa hiyo harusi nzima iko kule, na kule tu. Bibi harusi akishuka garini, bwana harusi akijifuta jasho, mama mkwe akilia, mama mkwe akicheka, mama mkwe akimkazia macho mpishi. Jumapili anakuja kuziona, na anawaleta wakwe wapya. Nimeahidi kwa kinywa changu mwenyewe.

Jioni kapita mwanyumba. Huyu ndiye aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Anauza matairi na hakuna asichokijua. Eti hata yeye waliwahi kumkata hivyo hivyo, na hela zikarudi. Unaingia kwenye programu yao yenyewe, sehemu ya malipo, unavunja usajili, unabonyeza pa kuomba kurudishiwa, unasubiri. Wakikataa, unaipigia benki, namba iko nyuma ya kadi. Basi! Na kayasema yote hayo wakati mke wangu anaongea na mama mkwe, simu iko kwenye spika. Mama mkwe kasikia. Kasema ana bahati ya kupata mkwe mwenye akili. Mkwe, siyo wakwe. Sasa baada ya maneno kama hayo, mimi nitakibonyezaje hicho kitufe? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na jibu. Dai halilipwi kwa kubonyeza. Dai hulipwa mlangoni.

Ushahidi ninao. Kuna muuza fremu aliwahi kuniuzia fremu zenye kioo kilichopasuka, akanizungusha njoo kesho, njoo kesho. Siku hiyo nikaenda duka likiwa limejaa watu. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikapaza sauti. Sikufika hata sentensi ya pili, nikapewa fremu mpya na soda juu. Aibu ndiyo inayolipa! Mwanyumba hawezi kulijua hilo.

Basi leo nimekwenda mlangoni kwao. Yaani kwenye ukurasa wao wa mtandaoni, pale wanapojisifu na dunia nzima inaona. Nimeandika kwa herufi kubwa tupu: WEZI! NIRUDISHIENI HELA ZANGU! Nikajieleza kikamilifu, maana dai lisilo na maelezo ni kelele tu. Jina la studio. Namba ya simu. Barua pepe ninayoingilia. Benki yangu. Na kwamba picha zote za harusi ya shemeji yangu wanazo wao. Mke wangu kasoma akiwa nyuma ya bega langu. Kauliza mbona sijaandika saizi ya kiatu.

Lo! Hata chai haijapoa, majibu yamemiminika! Wahudumu watatu! Kila mmoja ananiita mheshimiwa, kila mmoja anaomba radhi, kila mmoja anataka tuongee pembeni. Nimemchagua mwenye nembo kubwa kuliko wenzake. Anajiita Afisa Mwandamizi wa Marejesho. Mwandamizi! Mwanyumba alihudumiwa na kitufe.

Jumatano, 5 Machi

Mwanyumba kapiga simu asubuhi. Kaliona tangazo langu, ukoo mzima umeliona. Kasema nilifute haraka. Huyo Afisa eti ukurasa wake umefunguliwa juzi na una wafuasi wanne. Eti kampuni ya kweli haikufuati pembeni kukuomba namba, wewe ndiye unayeifuata, na unapita mlango wake yenyewe. Nikamuuliza matairi yanaendaje. Kakata simu. Mtu ukimzidi kidogo tu, ananuna.

Afisa kapiga adhuhuri. Sauti ya mtu aliyesoma. Nyuma yake nasikia ofisi kubwa, watu wanaongea, kisha jogoo akawika. Nimeuliza kuhusu jogoo. Kasema ni mlio wa simu ya bosi wake. Bosi wa namna hiyo ningemtaka na mimi.

Kanielekeza nipakue kaprogramu kadogo, ili aone tatizo kwa macho yake. Nimepakua. Mungu wangu! Simu inatembea yenyewe! Mimi nimekaa mikono mapajani, kurasa zinafunguka na kujifunga. Kaingia kwenye ujumbe wa benki, kachungulia kama daktari anavyochungulia koo. Wenzetu wamefika mbali.

Kisha ukaingia ujumbe wenye namba ya uthibitisho: usimpe mtu yeyote namba hii. Hapo nikasita. Mimi siyo wa kuchezewa. Nikamwambia Afisa wazi wazi, hapa wameandika nisimpe mtu yeyote. Kanipongeza! Kasema wateja wengi hata hawaulizi. Onyo hilo linawahusu matapeli, na yeye siyo mtu yeyote, ni Afisa Mwandamizi. Tena namba yenyewe wameituma wao, kwa hiyo sitoi kitu, narudisha tu. Nimegeuza hoja hiyo kila upande, sikuona tobo. Nikamsomea polepole, tarakimu moja moja, asije akakosea.

Mteja aliyekuwa anasubiri picha ya pasipoti kaondoka. Aende tu.

Alhamisi, 6 Machi

Ghala limenikataa. Naandika neno la siri, linasema siyo. Naandika tena, siyo. Naliandika kwa herufi kubwa, kwa hasira, siyo! Neno langu mwenyewe, nililolitunga mwenyewe!

Kama hiyo haitoshi, ujumbe wa benki: hela zimetoka tena, zimeenda duka la viatu vya michezo. Mimi na viatu vya michezo wapi na wapi? Nashinda na kandambili.

Nikampigia Afisa, roho juu. Katulia kabisa. Kasema ndivyo marejesho yanavyofanya kazi: hela hutoka kwanza, ndipo zirudi, kama bomba la pampu linalotaka kumwagiwa maji kabla ya kutoa maji. Kuhusu ghala, wamelifunga kwa usalama wangu. Kulifungua kuna ada. Nisipolipa, mtambo utafuta picha zote kabla ya Jumapili. Nikauliza, zote? Kasema zote, mheshimiwa, inamuuma hata yeye.

Jasho lilinitoka. Jumapili! Wakwe wapya wamekaa, mama mkwe kavaa miwani, na mimi nawaonyesha ukuta mtupu? Lakini sikuonyesha udhaifu. Nikaanza kupatana naye. Biashara ni mdomo. Akataja, nikashusha, akapanda, nikajifanya nakata simu. Nimemshusha hadi nusu! Nikatuma palepale kabla hajabadilisha mawazo. Namhurumia, huenda bosi wake atamkaripia.

Mke wangu kauliza mambo yamefikia wapi. Nimemwambia yanakwenda. Sikusema yanakwenda wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Afisa hapatikani. Nimepiga asubuhi. Nimepiga mchana. Ujumbe hauendi, kanifungia. Ukurasa wake haupo tena, nembo na yote. Ghala bado linaniambia siyo.

Mshenzi! Hana haya! Mtu mzima, sauti nzuri, na kumbe! Na yule jogoo alikuwa jogoo!

Katikati ya hasira zangu kapiga mama mkwe. Shikamoo sikuimaliza. Kasema Jumapili wakwe wanakuja wote, hadi babu yao asiyetoka nyumbani. Yeye amenunua miwani mpya kwa ajili ya picha tu. Kasema siku ile machozi yalimziba, harusi ya mwanawe wa mwisho hakuiona vizuri, kwa hiyo ndiyo kwanza anakwenda kuiona. Nimesema ndiyo mama. Nimesema ndiyo mama mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na akili nikiibana hutoa. Harusi ni nini? Watu wawili na nguo. Watu wapo! Nikawaita bibi harusi na bwana harusi waje studio, nikawaambia nawapa picha za nyongeza, zawadi yangu.

Wamekuja. Gauni lilikuwa la kukodi, limesharudishwa. Bwana harusi kanyoa ndevu, anafanana na mdogo wake. Sikukata tamaa. Nikashusha pazia la dirishani, nikamfunika shemeji kichwani, nikampa maua ya plastiki ya mapokezi. Bwana harusi nikamwambia ashike kidevu, kama anayewaza mambo ya ndoa, ndevu zisionekane kwamba hazipo. Nikapiga moja. Nikapiga ya pili. Ya tatu nikamwomba shemeji atoe uso ule wa kushuka garini.

Hapo ndipo alipouliza. Shemeji, zile za kweli ziko wapi? Nikaanza maelezo marefu ya mtambo, usalama na pampu. Hakungoja nimalize. Kakaa kwenye kile kigoda cha wateja, pazia kichwani, akalia. Hakunitukana. Kasema tu kwamba siku ile ilikuwa nzuri. Moyo uliniuma, nakiri, uliniuma kweli. Nikataka kumwambia pole, nikajikuta nimemwambia asiguse pazia kwa kope zenye wanja.

Kabla hawajafika kona ya barabara, mke wangu alikuwa anajua kila kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu hakufoka. Afadhali angefoka! Kasafisha meza ya jikoni, kaweka simu yangu na kompyuta mbele yake, kaniambia, baba watoto, kaa pale. Pale ni kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na mlango. Mwanyumba kaja, kaja na chaja yake. Kakalia kiti changu.

Kwanza wameng'oa kale kaprogramu ka Afisa. Kisha wakabadilisha neno la siri la barua pepe. Nikapendekeza tutafute mtandaoni namba ya huduma kwa wateja, tuwapigie tuwatolee uvivu. Mke wangu kanigeuzia skrini nione. Namba ya kwanza kabisa iliyotokea ilikuwa ya Afisa! Ile ile! Kasema namba ya kuokota mtandaoni ni kama dawa ya kuokota barabarani. Kafungua programu ya kampuni yenyewe kwenye simu yake, kaingia sehemu ya msaada, kachagua mtu aliyenyang'anywa akaunti. Wakauliza ilifunguliwa lini, ikalipiwa kwa kadi gani, risiti iko wapi. Risiti ilikuwa kwenye barua pepe yangu, nilikuwa sijaifungua. Katuma. Wamejibu kwamba wanashughulikia, na kwamba hawataomba namba ya uthibitisho wala ada. Mke wangu kaisoma sentensi hiyo kwa sauti. Kisha kaisoma tena.

Halafu benki, namba ya nyuma ya kadi. Dada wa benki kauliza, kuna mtu yeyote uliyemsomea namba? Nikasema siyo mtu yeyote. Mke wangu kaninyang'anya simu. Kadi yangu wameifunga, hela za viatu wamezifungulia dai, watachunguza. Zile nilizotuma mimi mwenyewe kwa vidole vyangu, baada ya kupatana vizuri kiasi kile, dada kasema hawezi kuahidi.

Mwanyumba hakucheka. Huo ndio ushenzi wake. Kanipigapiga bega, kasema hutokea. Ningewakuta Afisa na mwanyumba wamesimama pamoja, sijui ningeanza na nani.

Nimewapikia chai.

Jumapili, 9 Machi

Zimerudi! Zote! Asubuhi ghala limefunguka, na bibi harusi anashuka garini kama kawaida. Bwana harusi ana ndevu zake! Nikajifanya nafuta lenzi. Nilikuwa nafuta macho.

Mama mkwe kaja na wakwe, babu mbele. Tumewaonyesha ukutani kwa projekta. Kacheka kwenye picha ya mpishi, kalia alipojiona analia, kaomba turudie pale. Shemeji katazama zote, kisha kamkumbatia dada yake kwa muda mrefu. Palikuwa na raha chumbani, sitasema uongo. Mimi mwenyewe niliambiwa nisogee, nimeziba mwanga. Picha zangu! Nimezipiga mimi!

Kiti kikubwa kapewa mwanyumba. Mama mkwe kamshukuru mbele za watu, kamwita mwanangu. Mke wangu kapewa hela za kuchapisha albamu, zimeingia kwenye kadi yake. Na hela za mwaka mzima? Mke wangu kabonyeza kile kitufe. Ombi limekubaliwa. Kitufe! Kimya kimya, bila hata kupaza sauti! Sijawahi kudhalilishwa namna hii.

Nimeomba neno jipya la siri la ghala. Mke wangu kakataa. Kasema wameandika asimpe mtu yeyote, na mtu yeyote ndiye mimi.

Jumatano, 12 Machi

Siku tatu nimevumilia. Mwanyumba huyu, mwanyumba yule. Mama mkwe kampigia kumuuliza hata mambo ya friji. Mimi nikae tu, kama jongoo kwenye kona? Kuna hela zangu bado ziko kwa Afisa, zile ambazo dada wa benki kashindwa kuahidi. Nikizirudisha mwenyewe, bila kitufe, bila matairi, nitamtazama mama mkwe usoni kwenye miwani yake mpya.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Sikwenda mlangoni kwa kampuni, wale nimemalizana nao. Nimekwenda kwenye ukurasa wa watu waliotapeliwa, wenzangu, watu wenye uchungu mmoja. Nikaeleza yaliyonikuta. Kwa ufupi! Jina, simu, kiasi, na kwamba mke wangu asijue.

Hazijapita dakika nyingi, kapiga mtu. Siyo afisa, maafisa sitaki kuwasikia. Huyu ni Wakili Msaidizi wa Kitengo cha Kuwarudishia Waliotapeliwa. Kabla sijasema neno kasema anamjua Afisa wangu, wamemsaka muda mrefu, wamemkamata na hela zote, zimefungwa kwenye bahasha zenye majina. Langu ameliona. Nimempima, sikupumbazwa. Nikamuuliza kama anataka nipakue kaprogramu. Kakasirika! Kasema nisipakue kitu chochote cha mtu nisiyemjua. Nikamuuliza kama anataka namba ya uthibitisho. Kasema hapana, thubutu, hiyo nisimpe hata mama yangu mzazi. Na jogoo sikumsikia, nilisikiliza mwanzo hadi mwisho. Mzigo ulinitoka kifuani. Kumbe waungwana bado wapo!

Ameomba kitu kimoja tu, apate pa kuziweka hela zangu: picha ya kadi ya benki, mbele na nyuma. Nikamwambia ya kwangu imefungwa. Kasema hata ya mke, mradi ni nyumba moja. Mke wangu yuko bafuni, mkoba uko kitandani. Humo ndani mna hela za albamu za mama mkwe, lakini nani anazigusa? Zinaingia nyingine juu yake!

Basi nikafanya kazi yangu. Nimeilaza kadi kwenye kitambaa cheusi, karibu na dirisha, pazia nusu ili isimetamete. Mbele, nyuma. Kila tarakimu inasomeka, hata zile tatu ndogo za nyuma zinazowasumbua watu. Nimetuma.

Kajibu papo hapo. Kasema tangu aanze kazi hii hajawahi kupokea picha safi ya kadi kama hiyo. Hatimaye, mtu anayeijua kazi yangu.